Jakuzi inawasha, inanuka, inakula dawa: uliza kwanza ni klorini ipi

Nimehudumia jakuzi za hoteli na nyumba za wageni Unguja, baadaye Arusha, na simu ninayopigiwa ni ileile: "Fundi, dawa nimeweka na maji bado hayakai sawa. Niongeze kiasi gani?" Mara nyingi kiasi hakina kosa. Kosa liko kwenye pipa. Madukani kwetu vitu vinne vyenye tabia tofauti kabisa huuzwa kwa jina moja la "klorini" au "dawa ya bwawa", na mhudumu akishatia bwawani huchota palepale akatia na jakuzi.

Bwawa la lita 75,000 huvumilia. Jakuzi ina lita 1,500, ina joto la nyuzi 38 hadi 40, na ndani yake wamekaa watu wanne magoti kwa magoti wakitoka jasho. Piga hesabu: bwawani wakiingia watu 20, kila mmoja ana lita 3,750. Kwenye jakuzi kila mmoja ana lita 375. Kosa ambalo bwawani lingechukua msimu mzima kuonekana, kwenye jakuzi unaletewa malalamiko yake wiki ijayo.

Pipa lako lina nini hasa

Acha jina kubwa la mbele, soma maandishi madogo. Ukiona TCCA na namba 90, hiyo ni trikloro. Huja kama vidonge vikubwa au kama chembechembe kwenye mapipa ya kilo 45 na 50. Maji inayoyeyukia huwa machachu, pH yake kama 3, karibu na siki. Huyeyuka polepole, na ikishatumika huacha nyuma asidi sayanuriki, kitu ambacho bwawani hupendwa kwa sababu hukinga klorini isiliwe na jua.

SDIC, yenye namba 56 au 60, ni dikloro. Huyeyuka upesi na haisumbui sana pH, lakini nayo huacha asidi sayanuriki, tena nyingi kuliko trikloro kwa kila gramu ya klorini inayotoa.

Namba 65 au 70 pamoja na neno kalsiamu ni kalsiamu hipokloraiti. Mafundi wengi huiita HTH hata ikitoka kiwanda kingine. Haina sayanuriki hata chembe. Ina kalsiamu, yaani ile ya chokaa, na hupandisha pH pale unapoitia.

Ya nne ni klorini ya maji, sodiamu hipokloraiti, inayouzwa kwa madumu. Ikiwa mpya huwa asilimia 10 hadi 12. Ile ya kung'arishia nguo nyeupe ni jamii hiyohiyo, ila nyepesi zaidi, aghalabu asilimia 3.5 hadi 5. Haina sayanuriki wala kalsiamu. Inachoongeza ni chumvi kidogo tu.

Lebo ikiwa imebanduka, na kwenye stoo za pwani hubanduka kwa unyevu, fanya hivi nje penye upepo: tia kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji ndani ya chombo cha plastiki, koroga, subiri dakika tano. Chembe zikikaa chini kama mchanga, zikiyeyuka kwa kusuasua, shuku trikloro. Zikitoweka mara moja na maji yakabaki angavu, bila ukungu, ni dikloro. Maji yakigeuka kama ya kuoshea mchele na kuacha masalia meupe chini, ni kalsiamu hipokloraiti. Kila dawa na chombo chake, na kijiko chake kikavu. Usimimine chombo kimoja ndani ya kingine. Sababu yake nitaifikia.

Kipimo kinasema klorini ipo, lakini wageni wanawashwa

Nianze na hili, maana ndilo linalowadhuru watu na ndilo linalowapumbaza wahudumu waaminifu.

Dalili: siku moja au mbili baada ya kuingia jakuzi, mgeni anatokwa na vipele vyekundu, vingine vina usaha, na vimejaa zaidi pale nguo ya kuogelea ilipobana. Unapima maji, unapata klorini 3, yaani miligramu 3 kwa lita, wakati mwingine 4. pH ni 7.5. Unaona huna kosa, na mgeni anaambiwa labda ameumwa na wadudu au ngozi yake imekataa klorini.

Vipele hivyo kwa kawaida huletwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, anayependa maji ya uvuguvugu na hujificha kwenye utelezi wa mabomba. Klorini inayofanya kazi humuua upesi. Akiwa hai ndani ya maji yenye klorini 3, jua kwamba hiyo klorini imefungwa mikono.

Nilijifunza hili pabaya. Kwenye nyumba moja ya wageni mashariki ya Unguja, kijana aliyekuwa akiangalia jakuzi aliniambia, "Mzee, tazama mwenyewe, dawa ipo." Nikatazama, ipo. Nikasaini daftari lake. Wiki hiyo familia nzima ikatoka vipele, na mtoto mmoja alipata homa. Niliporudi nilipima kitu ambacho sikuwahi kukipima pale: asidi sayanuriki. Kile kibomba chenye nukta nyeusi chini, unachomimina maji hadi nukta ipotee machoni, hakikujaa hata robo. Nukta ilipotea mapema kabisa, kabla maji hayajafika mstari wa 100, maana yake sayanuriki ilikuwa imezidi 100. Walikuwa wakitumia dikloro peke yake tangu jakuzi ilipojazwa, miezi miwili nyuma.

Hesabu yake ni nyepesi na kila mhudumu anapaswa kuijua kwa moyo. Kila ukitia dikloro ya kukupa klorini 10, yaani miligramu 10 kwa lita, unaacha sayanuriki kama 9. Klorini huliwa, sayanuriki haiendi popote. Haigeuki mvuke, haichujwi na kichujio. Jakuzi inayohitaji klorini 3 kila siku itakuwa imepokea 90 kwa mwezi, na sayanuriki itakuwa imefika kama 80. Trikloro hupunguza kasi kidogo: kwa kila klorini 10 huacha kama 6. Sayanuriki huishika klorini na kuiachia kidogo kidogo. Kipimo chako cha rangi huhesabu vyote, iliyoshikwa na iliyo huru kupigana, ndiyo maana kinakuambia 3 huku bakteria wanastawi.

Kinga hiyo ya jua ina maana kwa bwawa la wazi linalopigwa na jua kutwa. Jakuzi ina mfuniko. Ikiwa haina, nunua mfuniko kabla ya kununua kidonge kingine. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inashauri wazi kwamba asidi sayanuriki, na klorini zenye sayanuriki ndani yake, zisitumike kwenye jakuzi. Na kwamba klorini isipungue 3, pH ikae kati ya 7.0 na 7.8.

Dawa ya tatizo hili ni moja: mwaga maji. Ukimwaga nusu, 80 inakuwa 40. Kwa jakuzi ya wageni mimi humwaga yote, nasafisha mabomba, naanza upya na klorini ya maji au kalsiamu hipokloraiti. Dozi zake ni hizi. Maji ya lita 1,000 yanahitaji gramu 1 ya klorini halisi ili kupanda kwa 1. Kwa lita 1,500 kupandisha 3 unahitaji gramu 4.5. Hiyo ni mililita 45 za klorini ya maji ya asilimia 10, au mililita kama 130 za ile ya nguo ya asilimia 3.5, au gramu 7 za kalsiamu hipokloraiti ya 65. Tumia mizani ndogo ambayo haitarudi jikoni. Kukisia kwa kiganja, kwa maji machache hivi, ndiko kunakoleta klorini 12 asubuhi na sifuri jioni.

Kwa jakuzi ya nyumbani inayotumiwa na watu wawili wenye afya, wapo mafundi wanaoanza na dikloro siku chache hadi sayanuriki ifike 20 au 30, ili klorini isiwe kali puani, kisha wanahamia ya maji. Sibishani nao mradi wanapima. Kwa jakuzi inayoingiwa na wageni nisiowajua, pengine wazee, pengine wajawazito, sitii hata kijiko kimoja cha dikloro.

Hita inakufa kila baada ya miezi michache

Hili ni tatizo la pwani. Dalili huja pole pole: maji yanachukua muda mrefu kupata moto, kwenye mstari wa maji kunajengeka ukingo mweupe unaokwaruza kidole, matundu ya kutolea maji yanapunguza nguvu, halafu siku moja umeme unajikata. Ukifungua hita unakuta waya wake umevaa koti jeupe la chokaa, kama sufuria kuukuu ya kuchemshia maji ya kisima.

Maji ya visima vya Unguja na sehemu kubwa ya mwambao yamepita ndani ya mawe ya matumbawe, na mawe ya matumbawe ni chokaa. Yanakuja tayari yamebeba ugumu mkubwa. Chokaa ina tabia ya ajabu: kadiri maji yanavyopata moto ndivyo inavyokataa kubaki imeyeyuka, kwa hiyo hushuka pale penye moto zaidi, juu ya hita yenyewe. Sasa juu ya maji hayo mhudumu anatia kalsiamu hipokloraiti kila siku. Kila klorini 10 inaongeza ugumu kama 7. Kwa mwezi ameongeza 60 au zaidi kwenye maji ambayo hayakuhitaji hata 1, na pH ikipanda juu ya 7.8 kazi imekwisha.

Kwa maji magumu, klorini sahihi ni ya maji. Sina shaka na hilo. Shika pH kati ya 7.2 na 7.6, na hita iliyokwisha kuvaa chokaa ioshwe kwa asidi nyepesi nje ya mfumo, pampu ikiwa imezimwa na umeme umekatwa.

Lakini tazama jinsi jibu linavyogeuka na mahali. Maji ya bomba ya Nairobi, mengi yakitoka mabwawa ya upande wa Aberdare kama Ndakaini, ni laini. Vivyo hivyo hoteli za ufukweni zilizofunga mtambo wa kuondoa chumvi: maji yanayotoka pale hayana karibu kitu, na maji yasiyo na kitu yana njaa, hula shaba ya hita na saruji ya vigae. Huko kalsiamu hipokloraiti inakuwa rafiki, maana kalsiamu inayoiacha ndiyo maji yanayoikosa. Ugumu wa 100 hadi 150 hutosha. Fundi aliyetoka Nairobi na kuajiriwa Nungwi, Unguja, akaendelea na dawa yake ileile ataharibu hita, naye hakukosea alikotoka. Pima ugumu wa maji yako kabla hujachagua pipa.

Harufu kali ya klorini, macho yanachoma

Watu wakinusa harufu hiyo husema dawa imezidi. Kwa kawaida imepungua. Klorini ikikutana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi huungana navyo ikawa kloramini, na kloramini ndiyo inayonuka na kuchoma macho.

Pima mara mbili: klorini huru, kisha jumla. Tofauti yao ni ile iliyoungana. Jumla ikiwa 2 na huru 1, iliyoungana ni 1, na ili kuivunja unapandisha klorini huru hadi mara kumi yake, yaani 10. Kwa lita 1,500 ambazo tayari zina 1 hiyo, ni kama mililita 135 za klorini ya maji ya asilimia 10, au gramu 21 za kalsiamu hipokloraiti iliyoyeyushwa kwanza kwenye ndoo ya maji. Fanya jioni wageni wakishatoka. Washa mapovu, acha mfuniko wazi angalau dakika 20, maana gesi isipotoka huozesha mfuniko na mito kwa chini. Asiingie mtu hadi kipimo kishuke chini ya 5.

Usifanye kazi hii kwa dikloro. Kila ukivunja kloramini kwa dikloro unaongeza karibu 8 ya sayanuriki usiku mmoja, na unarudi kwenye vipele vya pale juu. Trikloro haifai kabisa hapa. Haiyeyuki kwa wakati.

Jambo linalopunguza harufu kuliko dawa yoyote ni bafu la maji na sabuni kabla ya kuingia. Najua wageni hawapendi kuambiwa. Waambie kwa upole, weka bafu karibu, waambie.

Klorini inalala, haiamki

Jioni umeacha 5, mfuniko umefungwa, hakuna aliyeingia, asubuhi unakuta sifuri. Jakuzi yenye afya, bila waogaji, hupoteza robo hadi theluthi hivi kwa siku. Ikipotea yote kwa usiku mmoja, kuna kitu kinaila.

Swali la kwanza ni umri wa dumu. Klorini ya maji hufa kwa joto. Dumu lililokaa miezi mitatu kwenye stoo ya mabati Dar es Salaam au Mombasa laweza kuwa limepoteza nusu ya nguvu, na wewe unapima mililita zilezile za siku ya kwanza. Nunua kidogo kidogo, andika tarehe kwa kalamu nene, weka kivulini. Ukiitumia kwa wingi halafu kipimo kisipande hata saa moja baadaye, dumu limekufa. Kalsiamu hipokloraiti hukaa zaidi, ila unyevu wa pwani huifanya mabonge; ifunge vizuri kila ukichota.

Swali la pili ni ozoni. Jakuzi nyingi zina kifaa cha kutoa ozoni, gesi ya kuua vijidudu majini, nacho hula klorini kikiwa kinafanya kazi. Punguza saa zake uone.

Vyote hivyo vikiwa sawa, kilichobaki ni ute ndani ya mabomba. Jakuzi ina mita nyingi za mabomba membamba ambayo maji husimama pampu ikizimwa, na humo bakteria hujijengea tando la utelezi ambalo klorini ya kawaida hailipenyi. Hujichosha juu juu, ikaisha. Dalili nyingine yake ni vipande vya kijivu kama karatasi iliyolowa vinavyotoka matunduni unapowasha mapovu kwa nguvu.

Hapa usifanye mzaha. Ute huo ndio makao ya Legionella, bakteria anayestawi kati ya nyuzi 25 na 45 hivi, yaani joto lenyewe la jakuzi, na mapovu humgeuza kuwa ukungu unaovutwa hadi mapafuni. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi zilizowekwa kuonyeshwa tu zilitoa ukungu huo. Watu waliokuwa wakipita karibu waliugua kwa mamia, na wasiopungua 32 wakafariki. Kwa wengi wao kosa lilikuwa kupita karibu na kuvuta hewa. Kila nikisikia mtu anasema "jakuzi haijatumika wiki hii, haina haja ya dawa", nawakumbuka.

Utatuzi: tia dawa maalumu ya kusafishia mabomba ya jakuzi kabla ya kumwaga maji, zungusha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mwaga, futa, jaza upya, kisha pandisha klorini ya maji hadi 10 na uishike hapo saa kadhaa. Badilisha kichujio au kiloweke kwenye dawa yake. Kichujio chenye ute kitaambukiza mabomba yote tena. Rudia kipimo cha usiku. Kikishindwa, rudia kazi yote.

Baada ya hapo maji yasizeeke. Kanuni ninayoitumia: gawa lita za jakuzi kwa 12, kisha gawa kwa wastani wa waogaji kwa siku. Lita 1,500 zenye waogaji wanne kwa siku zinakupa kama siku 31. Wakiwa kumi, siku 12 au 13.

Kipimo kinaonyesha sifuri punde tu baada ya kutia dawa nyingi

Tazama kwa makini tone la kwanza. Rangi ya waridi ikitokea kama mwanga wa kibiriti halafu maji yakabaki bila rangi, klorini imezidi mno hata imeipausha rangi ya kipimo. Wengi hapo huongeza dawa. Chukua nusu kipimo cha maji ya jakuzi na nusu ya maji safi yasiyo na klorini, pima, zidisha mara mbili. Klorini ikiwa juu hivyo, rangi ya pH nayo hudanganya, hugeuka zambarau. Usitie asidi kwa kuiamini.

pH inapanda kila siku

Lawama humwangukia mwenye klorini ya maji, kwa sababu dumu lenyewe lina alikali kali. Ni kweli hupanda unapoitia, lakini klorini hiyo ikitumika huacha uchachu, na mwisho wa siku inakaribia kurudi ilipokuwa. Kinachopandisha pH kwenye jakuzi hasa ni mapovu. Yanafukuza kaboni dioksaidi iliyomo majini, kama soda inavyopoa ikiachwa wazi, na maji yakiipoteza pH hupanda. Kadiri bikaboneti ilivyo nyingi ndivyo inavyopanda kwa kasi.

Visima vya Arusha na maeneo mengi ya Bonde la Ufa vinajulikana kwa floridi, na maji hayohayo kwa kawaida hujaa bikaboneti ya sodiamu. Pale Arusha nimepima alikali, yaani kipimo cha bikaboneti hiyo, zaidi ya 300. Nikamkuta mwenzangu ameamua kutumia trikloro "ili uchachu wake usawazishe". Ninaelewa alivyofikiri. Bwawani pengine ingemsaidia kwa muda. Kwenye jakuzi alipata sayanuriki juu na pH inayoruka. Njia iliyomfaa ni hii: asidi ya unga au ya maji kidogo kidogo hadi pH 7.2, washa mapovu ipande, rudia, siku mbili tatu, hadi alikali ishuke kati ya 50 na 80. Kisha klorini ya maji kila siku. pH ikatulia, na asidi aliyokuwa akimwaga kwa wiki ikamtosha mwezi.

Doa jeupe sakafuni, maji ya kijani, maji rangi ya chai

Doa la mviringo lililopauka kwenye fibaglasi ni kidonge cha trikloro kilichokaa pampu ikiwa imezima. Halitoki. Kidonge kwenye kielea, kile chombo kinachoelea majini kikiachia dawa, si salama pia: usiku mfuniko ukifungwa na maji yakisimama, uchachu hukusanyika palepale, hula hita na mipira ya pampu. Watengenezaji wengi wa jakuzi hukataa dhamana wakiona alama hizo.

Maji ya kijani lakini angavu, huku nywele za mgeni mweupe zikichukua rangi, ni shaba iliyoliwa kutoka kwenye hita. Uliza kama kuna mtu ametia trikloro, pandisha pH, mwaga. Maji ya kijani yaliyofifia na kuteleza ni mwani, na mwani ndani ya jakuzi yenye mfuniko unaonyesha hakuna aliyetia dawa kwa siku nyingi.

Maji ya kisima yanayogeuka rangi ya chai dakika chache baada ya kutia klorini yana chuma. Klorini yoyote itafanya hivyo. Chuja maji kabla ya kujaza.

Povu

Klorini haina hatia hapa. Ni sabuni iliyobaki kwenye nguo za kuogelea, losheni na mafuta ya nazi. Maji laini hutoa povu zaidi. Badilisha maji.

Moshi kwenye ndoo, sauti ya kutatarika

Dalili hii haina nafasi ya pili. Kwenye hoteli moja ya pwani kijana alichota trikloro kwa ajili ya bwawa, akasahau, akatumbukiza kijiko kilekile chenye chembe na unyevu kwenye ndoo ya kalsiamu hipokloraiti ya jakuzi. Nilikuwa mlangoni. Ilianza kutatarika kama mafuta ya kukaangia, ukatoka moshi wa manjano, na harufu iliyonifunga kifua papo hapo. Tulikimbia wote wawili, na Mungu alitulinda. Ndoo ilishika moto yenyewe.

Trikloro au dikloro ikikutana na kalsiamu hipokloraiti, hasa kukiwa na unyevu, huweza kuwaka na kulipuka. Klorini yoyote ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Kwa hiyo unapobadilisha aina ya klorini, na pengine umeamua kubadilisha baada ya kusoma haya, hapo ndipo hatari ilipo: pipa la zamani na jipya yako stoo moja, kijiko kimoja, mhudumu mmoja aliyechoka. Toa la zamani kwanza. Kila dawa na kijiko chake kilichofungwa kwa kamba kwenye chombo chake. Kielea au kifaa cha kutilia dawa kilichokuwa na trikloro kisiwahi kuwekwa kalsiamu hipokloraiti hata kikioshwa. Asidi ikae chumba kingine. Unga hutiwa ndani ya maji mengi. Maji hayamiminwi juu ya unga.

Na ikitokea, usifunge kifuniko kuuzima moshi, usimwage maji kidogo. Toa watu upande upepo unakotoka, acha mlango wazi, piga zimamoto, Tanzania ni 114, na uwaambie kwa majina ni dawa gani zimekutana.